Kilwa ilibakiza kuta, Geita itabakiza nini?

KAHAMA inaijua sura ya mgodi unaofungwa. Mwaka 2021, mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, ulio jirani kabisa na mji huo mkoani Shinyanga, ulifikia mwisho wa uzalishaji wake. Ulikuwa umeanza kutoa dhahabu mwaka 2009. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa bado yuko shule ya msingi mitambo ilipozimwa.

Hapakuwa na ajabu katika tukio hilo. Kila mgodi una siku yake ya mwisho, na siku hiyo hukadiriwa na wahandisi hata kabla ya jiwe la kwanza kuvunjwa. Lililo gumu kukadiria ni lile linalofuata. Shimo linapobaki, magari yanapopungua barabarani na nyumba za kupanga zinapokosa wapangaji, mji unabaki na nini mkononi?

Swali hilo lina uzito wa pekee kwa ukanda wote wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita. Bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 3,000 za Marekani kwa wakia mwezi Machi 2025, na ilipofika Oktoba mwaka huo ikavuka dola 4,000. Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, ulihesabiwa kuwa na watu karibu milioni 3 katika sensa ya mwaka 2022, kutoka takriban milioni 1.7 miaka kumi kabla. Shinyanga ilikuwa na zaidi ya milioni 2.2. Huu ni wakati wa neema, na katika wakati wa neema watu huwa hawaulizi habari za mwisho.

Hata hivyo, Tanzania inao mji ambao uliwahi kutajirika kwa dhahabu, ukajenga kwa mawe, ukaanguka, na magofu yake bado yamesimama. Mji huo ni Kilwa Kisiwani, zaidi ya kilomita 900 kusini mashariki mwa Kahama. Mtu wa Geita anaweza kudhani kuwa habari za Kilwa ni za Waswahili wa pwani na watalii. Zikichunguzwa kwa makini, ni habari za ushuru, za bei ya dhahabu katika masoko ya mbali, na za nini hudumu baada ya fedha kwisha.

Mji ambao haukuchimba dhahabu

Jambo la kwanza la kushangaza kuhusu Kilwa ni kwamba haikuchimba dhahabu. Dhahabu ilitoka bara, katika nyanda za juu za nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo. Kuanzia karne ya 13, watawala wa Kilwa waliidhibiti biashara ya Sofala, na dhahabu iliyoelekea Bara Arabu na India ikawa haina budi kupita mikononi mwao.

Upepo uliwasaidia. Majahazi kutoka Bara Arabu na India yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Nahodha aliyefika Kilwa aliweza kuuza, kununua na kurejea kwao katika mzunguko wa mwaka mmoja. Aliyethubutu kwenda kusini zaidi alihatarisha kupitwa na msimu na kukaa ugenini hadi mwaka unaofuata. Kwa hiyo wafanyabiashara wengi walisimama Kilwa, na pale waliposimama ndipo ushuru ulipotozwa.

Kwa ushuru huo Kilwa ilipiga sarafu zake yenyewe za shaba. Moja kati ya hizo, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14, iliokotwa na wanaakiolojia katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mamia ya kilomita kutoka baharini. Ni ushahidi mdogo wa shaba kwamba mnyororo kati ya shimo la mchimbaji na bandari ulikuwa mmoja.

Mwaka 1331, msafiri kutoka Moroko, Ibn Battuta, alifika Kilwa na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Sultani huyo huyo ndiye aliyempokea, na msafiri huyo hakusahau kuutaja ukarimu wake. Wakati huo mji ulikuwa katika kilele chake.

Alama za Kilwa zinasimulia habari mbili tofauti. Ya kwanza ni ya Husuni Kubwa, kasri lililojengwa juu ya mwamba unaotazama bahari. Jina lake linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua pana, maghala na birika la kuogea lenye pembe nane. Katika karne hiyo halikuwa na mfano wake katika mwambao wote wa Afrika Mashariki. Hata hivyo halikukamilika, na halikukaliwa kwa muda mrefu. Sultani aliyelijenga alipoondoka, kasri likaachwa.

Habari ya pili ni ya Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kale zaidi inakadiriwa kuwa ya karne ya 11. Al-Hasan bin Sulaiman aliupanua kwa kuba na matao ya mawe ya matumbawe. Upanuzi huo ukabomoka. Lakini watu wa Kilwa hawakuuacha kama walivyoliacha kasri. Katika karne ya 15 waliujenga upya, wakati ambapo mji ulikuwa na mali kidogo kuliko enzi za aliyeupanua.

Majengo hayo mawili yaliguswa na mkono wa mtawala mmoja, yakapata fedha kutoka ushuru ule ule. Moja lilikuwa la mtu mmoja, jingine lilikuwa la mji mzima. Lile la mji ndilo lililopata watu wa kulitengeneza lilipoanguka. Hilo ndilo funzo ambalo ukanda wa dhahabu unaweza kulichukua kutoka Kilwa bila kujali tofauti ya karne na ya mazingira.

Ngome haikuokoa ushuru

Utajiri wa Kilwa ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba ulitegemea bidhaa moja na wanunuzi wa mbali. Katikati ya karne ya 14, tauni iliteketeza watu wa Misri na wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati. Baadhi ya wanahistoria wanahusisha kuachwa kwa Husuni Kubwa na kudorora kwa biashara kulikofuata maafa hayo. Mjenzi wa Kilwa hakumwona hata mgonjwa mmoja wa Alexandria, lakini huenda kazi yake ilikwama kwa sababu yao.

Halafu wakaja wenye mizinga. Mwaka 1502, Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alimtisha mtawala wa wakati huo, Amiri Ibrahim, kwamba mji ungechomwa moto iwapo hatakubali kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ikatolewa. Mwaka 1505, kikosi cha Francisco de Almeida kiliuteka mji na kuupora, kisha kikajenga ngome ufukweni. Miaka saba baadaye, mwaka 1512, Wareno waliiacha ngome hiyo. Walikwisha kujipenyeza Sofala kwenyewe, na biashara ya dhahabu waliyoitamani ilikuwa imeshavurugika.

Dhahabu iliyotozwa Kilwa mwaka 1502 haikupotea. Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza itengenezwe chombo cha kuonyeshea Ekaristi, kikakamilika mwaka 1506. Kipo hadi leo katika jumba la makumbusho la taifa la sanaa za kale mjini Lisbon, na kinahesabiwa miongoni mwa hazina kubwa za sanaa za Ureno. Kilwa ilibaki na mawe ya matumbawe, na dhahabu yake ikawa fahari ya mji mwingine.

Kilichofuata baadaye kilikuwa kichungu zaidi. Bandari iliyozoea kuishi kwa bidhaa moja yenye thamani ilitafuta nyingine, na katika karne ya 18 iliipata kwa kuuza watu. Mwaka 1776, Sultani wa Kilwa alitiliana saini na mfanyabiashara wa Kifaransa, Jean-Vincent Morice, mkataba wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Gereza, ile ngome inayomlaki mgeni anaposhuka kisiwani, kwa sehemu kubwa ni kazi ya enzi za Waomani, mwanzoni mwa karne ya 19, wakati Kilwa haikuwa tena na dhahabu ya kulindwa.

Kwa nini Alexandria haikufa

Ibn Battuta, kabla ya kuiona Kilwa, alikuwa ameiona bandari nyingine yenye kuta, milango na ngome, nayo ni Alexandria ya Misri, mwaka 1326. Alikuta mnara wake wa taa, uliojengwa katika karne ya tatu kabla ya Kristo, ukiwa na upande mmoja ulioanguka. Aliporudi mwaka 1349, uharibifu ulikuwa umezidi hata hakuweza kuuingia. Mwaka 1477, Sultani Qaitbay alianza kujenga ngome mahali hapo hapo, na ngome hiyo bado inasimama ikiitazama Bahari ya Kati.

Kwa kuta na ngome, Alexandria iliizidi Kilwa mara nyingi. Lakini si kuta zilizoiokoa. Nayo ilianguka, mwishoni mwa karne ya 18 ulikuwa mji mdogo wa watu wachache, uliozungukwa na magofu ya ukuu wake wa zamani. Kilichoiinua ni njia. Mwaka 1820 ulikamilika mfereji wa Mahmudiya, uliochimbwa kwa amri ya Muhammad Ali na kwa jasho la maelfu ya wakulima walioshurutishwa, ukaiunganisha bandari hiyo na mto Nile. Pamba ya bara ikapata mlango wa kutokea. Leo Alexandria ni jiji la mamilioni ya watu.

Tofauti ya miji hiyo miwili ni ya kibiashara. Alexandria ilikuwa mlango wa nchi yenye watu wengi na mazao mengi. Nafaka, viungo, nguo na pamba vilipokezana katika gati zake kwa zaidi ya miaka 2,000. Kilwa ilikuwa mlango wa dhahabu, na ilipogeuziwa njia mlango ukabaki wazi bila mpitaji.

Geita imekwishawahi kufungwa

Ukanda wa Geita na Shinyanga hauna mji wa mawe wa kale. Maboma ya watemi wa Usukuma na Unyamwezi yalijengwa kwa miti, udongo na nyua za minyaa, na mengi yamerudi ardhini. Kilichobaki kutokana na makao yao ni neno: ikulu, makazi ya mtemi, ambalo leo ni jina la makazi ya Rais.

Kwa upande wa madini, kumbukumbu si fupi kama inavyodhaniwa. Wajerumani waligundua dhahabu Geita mwaka 1898. Mgodi mkubwa ulianza kazi katika miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Waingereza, na ukafungwa mwaka 1966. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo, Geita ilirejea kuwa wilaya ya wakulima wa pamba na wavuvi wa ziwa, hadi uzalishaji wa kisasa ulipoanza mwaka 2000 chini ya mgodi ambao leo unamilikiwa na AngloGold Ashanti. Kwa maneno mengine, Geita imekwishafungwa mara moja. Awamu ile ya kwanza haikuacha mji wenye uwezo wa kujisimamia.

Shinyanga nayo ina Mwadui. Mjiolojia wa Canada, John Williamson, aligundua almasi hapo mwaka 1940, na mwaka 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi ambalo lilipelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth. Ndani ya uzio wa mgodi palikuwa na hospitali, shule na uwanja wa ndege. Nje ya uzio palikuwa na vijiji vya wafugaji na wakulima. Ule uzio ulikuwa ukuta wa mji wa aina yake, ila ulijengwa kuwatenga wenyeji badala ya kuwakinga na adui.

Mambo yamebadilika tangu hapo, na ni haki kuyataja. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliweka mrahaba wa dhahabu kuwa asilimia 3. Sheria ya mwaka 2010 ikaupandisha hadi asilimia 4. Mwaka 2017, baada ya Rais John Magufuli kuzuia usafirishaji wa makinikia na kuunda kamati mbili za uchunguzi, mrahaba ulifikia asilimia 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na Serikali ikapewa haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi bila kuzilipia. Makubaliano na Barrick yakazaa kampuni ya Twiga, inayosimamia Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara.

Machi 2019, Geita ilifungua soko la madini, ambalo lilifuatiwa na masoko mengine nchini. Kabla ya hapo, mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu au Mwime alitoa dhahabu yake kwenye duara, akaipitisha kwenye karasha, akaikamata kwa zebaki, kisha akaiuza kwa mnunuzi aliyemfuata usiku. Sehemu ya dhahabu hiyo ilivuka mipaka bila kulipiwa chochote. Soko liliweka mizani hadharani na kodi mahali pamoja. Mtoza ushuru wa Kilwa wa karne ya 14 angelielewa jambo hilo mara moja: penye mizani ya wazi ndipo penye fedha za kujengea.

Mwaka 2021 kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa Mwanza, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanatakiwa kutenga si chini ya asilimia 20 ya dhahabu yao kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa nchini, Benki Kuu ikiwa mnunuzi. Mwaka huo wa 2024 mchango wa sekta ya madini ulivuka asilimia 10 ya pato la Taifa.

Kwa kipimo cha ukusanyaji, basi, ukanda wa dhahabu umepiga hatua ambazo wakosoaji wa miaka ya 2000 walizidai kwa sauti kubwa. Mjadala unaostahili kufuata ni wa matumizi.

Maboma ya aina mbili

Halmashauri zenye migodi hupata ushuru wa huduma, unaotozwa kwa asilimia ya mauzo. Katika mikataba ya awali, kampuni kubwa zilipewa ukomo wa dola 200,000 kwa mwaka, bila kujali kiasi cha dhahabu kilichouzwa. Aidha, marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 yanazitaka kampuni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wao kwa jamii, kwa kukubaliana na halmashauri husika. Fedha zinazotokana na njia hizo mbili ni mabilioni ya shilingi. Ndizo zinazoweza kugeuka mawe.

Tatizo ni kwamba hugeuka pia maboma. Kwa mwanahistoria, boma ni ngome au makao ya utawala. Kwa diwani na mtendaji wa kijiji, boma ni jengo la zahanati au darasa lililofikia usawa wa lenta na kukwama hapo, likisubiri paa kwa miaka. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia mara nyingi hoja ya miradi isiyokamilika katika halmashauri nchini. Boma la aina hiyo ni Husuni Kubwa ya kijiji. Lilianzishwa kwa fahari, jiwe la msingi likawekwa, picha zikapigwa, kisha likaachiwa popo.

Kipimo cha Msikiti Mkuu wa Kilwa kinafaa kutumika hapa. Je, jengo hili likibomoka baada ya mgodi kufungwa, nani atakuwa na sababu na uwezo wa kulijenga upya? Zahanati yenye wauguzi, dawa na kamati ya kijiji inayofahamu hesabu zake itapata watetezi. Kisima chenye fundi wake kijijini na mfuko wa vipuri kitapata watetezi. Mnara wa mzunguko barabarani unaoonyesha mchimbaji akiwa na sururu hautapata mtetezi, hata ungegharimu kiasi gani.

Wapo wanaosema kwamba ulinganisho huu hauitendei haki halmashauri. Kilwa ilijitawala, ikaweka ushuru wake yenyewe. Halmashauri ya leo hupokea sehemu ndogo, huku mrahaba na gawio vikienda Hazina kugharamia Taifa zima. Hoja hiyo ina ukweli. Dhahabu ya Geita hulipia pia madarasa ya Lindi na Kigoma, na ndivyo Taifa linavyotakiwa kuwa. Lakini ni kwa sababu hiyo hiyo kwamba kile kidogo kinachobaki nyumbani kinahitaji ulinzi zaidi. Anayepewa sehemu ndogo hana nafasi ya kuipoteza.

Bandari isiyo na bahari

Funzo la Alexandria nalo lina mahali pake, na mahali hapo panaitwa Isaka. Katika mkoa wa Shinyanga, kwenye reli ya kwenda Mwanza, ipo bandari kavu inayopokea mizigo inayoelekea Rwanda, Burundi na nchi jirani. Mwaka 2021 ujenzi wa kipande cha reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka ulizinduliwa. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililokomesha foleni ya kivuko kati ya Mwanza na upande wa Sengerema na Geita.

Miundombinu hiyo haikujengwa kwa ajili ya dhahabu peke yake. Mkuo wa dhahabu hupakiwa kwenye ndege ndogo na hauhitaji reli. Wanaohitaji reli na daraja ni mpunga wa Kahama, pamba ya Geita na Shinyanga, ng'ombe wa Wasukuma na samaki wa Ziwa Victoria. Iwapo mazao hayo yatakuwa na viwanda vya kuyasindika kabla dhahabu haijaisha, Kahama na Geita zitakuwa na zaidi ya mzigo mmoja wa kupitisha mlangoni.

Kahama, iliyopandishwa hadhi kuwa manispaa mwaka 2021, ndiyo ya kwanza kujaribiwa. Uamuzi wa kuligeuza eneo la Buzwagi kuwa eneo maalumu la kiuchumi unaelekea upande sahihi, kwa kuwa mgodi uliacha majengo, umeme, maji na uwanja wa ndege. Lakini eneo maalumu lisilo na viwanda ni uzio tu, na Shinyanga imekwishaona uzio. Mafanikio yake yatapimwa kwa idadi ya vijana wa Kahama watakaopata kazi humo.

Akiba iliyo chini ya pua

Watu wa Shinyanga hawahitaji kufundishwa dhana ya akiba na mgeni. Wasukuma wana ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate cha kula kiangazi kinapobana. Utaratibu huo ulikaribia kutoweka, na mkoa ukawa mfano wa ardhi iliyogeuka jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Badala ya kuwaletea wananchi miti na amri, mradi uliwarudishia ngitili yao. Mamia ya maelfu ya hekta yakarejea kuwa na uoto.

Ngitili ilifanikiwa kwa sababu mwenye ng'ombe alijua ni nani amefunga eneo, lini litafunguliwa na nani atafaidika. Alikuwa na sababu ya kuilinda. Kanuni hiyo ni ile ile iliyowafanya watu wa Kilwa waujenge upya msikiti na kuliacha kasri. Ingeweza pia kuongoza fedha za dhahabu: sehemu ya ushuru wa huduma ikafungwa kama ngitili, isiguswe kwa posho wala kwa sherehe, ikafunguliwa kwa matengenezo ya shule, maji na zahanati siku mgodi utakapozima taa. Hesabu zake zikibandikwa kwenye mbao za matangazo za vijiji, zitakuwa na walinzi wengi kuliko ukuta wowote.

Kumbukumbu nazo zinastahili nafasi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 vikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa bahari ilikuwa ikila kingo na miti ikipasua kuta. Kazi ya kuimarisha kuta na kukinga fukwe, ambayo wakazi wa kisiwani walishiriki, iliviondoa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Geita na Mwadui hazina hata jengo moja lenye hadhi hiyo, lakini zina mashimo ya zamani, mitambo iliyochakaa na wazee wanaokumbuka mgodi wa kabla ya mwaka 1966. Wazee hao hawatasubiri bajeti ijayo.

Kwa sasa makarasha yanaendelea kusaga, na mizani ya soko la Geita inaendelea kupima. Katika kisiwa cha Kilwa, wavuvi hutia nanga chini ya Gereza na kupita kando ya Msikiti Mkuu wanapokwenda majumbani kwao. Jengo lile lilipoanguka lilijengwa tena na watu ambao hawakuwa na dhahabu ya kutosha, ila walikuwa na haja nalo. Madiwani wa Geita, Kahama na Msalala, watakapoketi kupitisha mpango wa mwaka ujao wa fedha za madini, wanaweza kuiuliza kila zahanati na kila darasa lililoorodheshwa mbele yao swali hilo moja: nani atakuwa na haja nalo mgodi ukishafungwa?